Kwa wenye kadi waliokata tamaa: mwelekeo wa chama huamuliwa kwenye mkutano wa tawi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ninauandika kwa ajili ya watu wa aina moja, nami ni miongoni mwao: wale ambao kadi ya chama bado wanayo, imelala kwenye droo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, lakini hamu ya kuitoa imekwisha. Ninawasikia kila siku kwenye daladala za Gongo la Mboto na kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo wakisema chama kimetekwa, chama si kile walichojiunga nacho, viongozi wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Sitataja chama changu, kwa sababu nimekaa na makada wa chama tawala na wa upinzani kwenye meza moja ya chai, na malalamiko yao ukifumba macho huwezi kuyatofautisha.

Ninachotaka kukieleza ni kwamba wengi wetu tunapigania chama mahali ambapo maamuzi yameshapita. Tunanuna siku ya uchaguzi mkuu, wakati jambo lenyewe lilikwisha amuliwa miaka miwili au mitatu kabla, kwenye mkutano wa tawi ambao hatukuhudhuria kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha.

Nianze na njia mbili ambazo waliokata tamaa huzikimbilia.

Ya kwanza ni kususa. Mtu anabaki nyumbani siku ya kura akiamini kwamba amewapa viongozi wake somo. Tatizo ni kwamba kura isiyopigwa haina sauti ya kueleza kwa nini haikupigwa. Katibu wa wilaya anayeandika taarifa ya tathmini anaona pungufu tu, na pungufu hilo atalieleza kwa namna inayomlinda yeye: mvua, wapinzani wetu, vijana wa siku hizi, ukosefu wa fedha za mawakala. Sisemi kwamba kususa hakuna athari kabisa. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliteremka mwaka 2024 hadi asilimia 40 na kupoteza wingi wa kura kwa mara ya kwanza tangu 1994, na sehemu ya anguko hilo ilitokana na wafuasi wake wa zamani waliokaa nyumbani. Hata hivyo chama kilichopigwa namna hiyo hulazimika kubadilika bila aliyesusa kuulizwa kibadilike kuelekea wapi.

Njia ya pili ni kuhama, na hapa Tanzania tuna historia ndefu ya kuhama. Augustino Mrema aliondoka CCM mwaka 1995 akaenda NCCR-Mageuzi, akapata karibu asilimia 28 ya kura za urais, na miaka michache baadaye alikuwa amekwisha hama tena kwenda TLP huku NCCR ikibaki imepasuka. Edward Lowassa alikatwa jina kwenye mchujo wa mgombea urais wa CCM, Dodoma, Julai 2015, akajiunga na Chadema mwezi huo huo, akapata kura zaidi ya milioni 6, na Machi 2019 akarejea CCM. Ukihesabu watu waliobadilika katika safari hizo, utapata wengi. Ukitafuta chama kilichobadilika mwelekeo wa kudumu kwa sababu ya mgeni aliyehamia, utatafuta sana. Mgeni mkubwa huingia kwa masharti yake, na wale waliojenga matawi kwa miaka ishirini hujikuta wanabeba viti.

Kuna sababu nyingine inayofanya kuhama kuwe na uzito mdogo kuliko tunavyofikiri. Katiba yetu hairuhusu mgombea binafsi: Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na Ibara ya 71 inamvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja hiyo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ikamkubalia kwamba katazo hilo linavunja haki. Sheria haijabadilika. Maana yake ni kwamba katika nchi hii chama ndicho mlango wa pekee, na ukiuacha huu utaingilia mwingine ambao nao una bawabu wake.

Sasa twende kwenye chumba chenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niligombea nafasi ya ujumbe kwenye tawi letu, huku Mabibo. Mkutano uliitishwa saa nane mchana uani kwa mwanachama mmoja, chini ya turubai la buluu lililofungwa kwenye mwembe, na viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa mtu wa shughuli za harusi. Akidi yetu, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ilikuwa watu arobaini. Hadi saa tisa na nusu tulikuwa thelathini na watatu, na katibu alikuwa amekwisha lisoma daftari la mahudhurio mara mbili kana kwamba majina yangeongezeka kwa kusomwa. Ndipo mpinzani wangu akamnong'oneza kijana wake mmoja, kijana akapanda bodaboda, na baada ya robo saa wakaja watu saba: madereva wanne wa kituo cha bodaboda, mama ntilie na binti yake, na mzee mmoja fundi viatu. Wote walikuwa na kadi, na ada zao zililipwa pale pale kwa mkupuo, kwa noti moja, na mtu mmoja ambaye sote tulimwona. Karatasi za kura zilichanwa kutoka kwenye daftari la shule, zikakusanywa kwenye ndoo tupu ya rangi, na mwalimu mstaafu akawa anachora vijiti kwenye kipande cha boksi huku kura zikisomwa kwa sauti.

Nilishindwa kwa kura tano. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba, mwenzangu alikuwa ameandaa watu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na ilinichukua muda kukubali kwamba sehemu kubwa ya kilichonitokea haikuwa wizi. Wale saba walikuwa wanachama halali. Kwenye mtaa wetu nilikuwa ninawajua watu zaidi ya thelathini wenye kadi walioniambia kwamba wananiunga mkono, na kati yao walihudhuria kumi na mmoja. Mmoja aliniambia jioni ile, bila haya, kwamba alikuwa akiangalia mpira.

Zingatieni kinachofuata baada ya mkutano kama huo. Wajumbe wa tawi huchagua wa kata, wa kata huchagua wa wilaya, wa wilaya na mkoa ndio wanaojaza ukumbi wa mkutano mkuu wa taifa. Kwa hiyo wale saba waliokuja kwa bodaboda, bila kujua, waligusa kura ya mwenyekiti wa taifa. Katika Mkutano Mkuu wa CCM wa mwaka 1995 pale Dodoma, wa kumpata mgombea urais, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza, kisha Benjamin Mkapa akashinda duru ya pili kwa kura 686 dhidi ya 639. Wajumbe 24 wangegeuka, nchi ingekuwa na Rais mwingine miaka kumi mapema. Januari 2025, hapa hapa Dar es Salaam kwenye ukumbi wa Mlimani City, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe, aliyekuwa ameongoza Chadema tangu 2004, kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ni kura 31, yaani wajumbe 16 tu wangebadili nia, matokeo yangepinduka. Hao ni watu wanaoenea kwenye Coaster moja na viti vikabaki.

Sisemi nani alistahili. Ninasema kwamba mabadiliko yaliyotikisa vyama viwili vikubwa yaliamuliwa na idadi ya watu ambayo mtaa mmoja wa Tandika unaweza kuikusanya kwenye msiba.

Kuna jambo katika mfano wa Chadema ambalo linanigusa zaidi. Mwaka 2013 chama hicho kilimvua nyadhifa Zitto Kabwe na Dk. Kitila Mkumbo kwa sababu ya waraka wa mkakati wa kubadili uongozi wa juu. Waraka ulikuwa wa siri, ulipovuja ukaitwa usaliti, na waliohusika wakaishia nje ya chama. Miaka 11 baadaye mwenyekiti yule yule aliondolewa kwa sanduku la kura, mgombea akiwa ametangaza nia hadharani na wajumbe wakiwa wameshawishiwa mchana kweupe, na aliyeshindwa akayakubali matokeo. Nadhani somo la kiutendaji lipo hapo: anayetaka kubadili chama akijificha, humpa mwenye madaraka neno la kumwitia.

Lakini nisiwadanganye kwamba kujaza uani kunatosha. Mwaka 2020, katika kura za maoni za CCM za kupata wagombea ubunge, majimbo kadhaa yaliona aliyeongoza akiachwa na vikao vya juu na kuteuliwa mwingine, likiwemo jimbo la Kawe, hapa hapa Kinondoni. Watia nia walioanguka mwaka ule ndio waliotuachia msemo kwamba wajumbe si watu wazuri, na tuliucheka sana, ingawa tuliocheka tuliwasahau waliokaa juu ya wajumbe. Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM ulirekebisha katiba ya chama ili kuongeza idadi ya wajumbe wanaopiga kura za maoni, na hoja ya kawaida ya hatua kama hiyo ni nyepesi kueleweka: wajumbe mia tano unaweza kuwapelekea bahasha, elfu kumi watakufilisi. Ni hatua njema, na bado neno la mwisho linabaki kwenye kikao.

Ndiyo maana ninaamini kwamba anayetaka kubadili mwelekeo wa chama ashughulike na kanuni kabla ya kushughulika na sura. Mwenyekiti mbaya ukimwondoa, kanuni iliyomlea itamlea mwingine. Wanachama wa ANC waliokuwa wamechoshwa na Thabo Mbeki walimwondoa kwenye mkutano wa Polokwane, Desemba 2007, kwa kura 2,329 za Jacob Zuma dhidi ya 1,505, wakaimba hadi usiku. Zuma alilazimika kujiuzulu urais Februari 2018 chama kikiwa na hali mbaya kuliko walivyokipokea. Upande wa pili, ACT-Wazalendo kiliweka ukomo wa uongozi, na Machi 2024 Zitto akamkabidhi Dorothy Semu nafasi ya Kiongozi wa Chama bila mtu kulazimika kumpindua mwenzake. Unaweza usiipende siasa ya chama hicho, lakini ukomo ule ni kazi ya maandishi yaliyopitishwa mapema.

Ninawaachia nafasi. Nitarudi kujibu.

*Mkazi wa Tandika* anaandika:

Mkuu, andiko lako nimelisoma lote na ninakushukuru. Swali langu ni moja. Mbona wenzetu Marekani mtu asiyejulikana anamwangusha mkubwa bila kupita kwenye haya matawi na makata? Yule mhudumu wa baa wa New York alifanyaje?

*Mwenye uzi* anajibu:

Ndugu yangu, umeuliza swali zuri. Huyo mhudumu wa baa, Alexandria Ocasio-Cortez, alimshinda Joe Crowley kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic tarehe 26 Juni 2018, na Crowley alikuwa bungeni tangu 1999 na alitajwa kuwa huenda akawa kiongozi wa chama chake pale bungeni. Tofauti kubwa ni kwamba kura za mchujo za kule husimamiwa na mamlaka za jimbo kwa mujibu wa sheria, na mpiga kura aliyejiandikisha na chama hupiga kura moja kwa moja, pasipo mjumbe wala Kamati Kuu ya kumkata aliyeshinda. Hata hivyo angalia idadi: kura zote zilizopigwa siku ile hazikufika 30,000, katika jimbo la ubunge lenye wakazi wapatao laki saba. Waliobaki nyumbani kule nao walimwachia uamuzi aliyejitokeza, na safari hii aliyejitokeza alikuwa upande wa wenye kinyongo.

Uingereza wana mfano unaotufundisha zaidi sisi. Chama cha Labour kilibadili kanuni mwaka 2014, kila mwanachama akapata kura moja, na mfuasi aliyelipa pauni 3 naye akaruhusiwa kupiga. Mwaka uliofuata Jeremy Corbyn, mbunge wa viti vya nyuma, yaani asiye na cheo, aliyepata mapendekezo ya wabunge 35 yaliyohitajika kwa shida na dakika za mwisho, alishinda uongozi kwa asilimia 59.5. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkione: alipoondoka, chama kilipandisha kiwango cha mapendekezo hadi asilimia 20 ya wabunge mwaka 2021, ili mtu wa aina yake asipite kirahisi tena. Wakubwa wa chama husoma kanuni usiku wakati wanachama wanashangilia.

*Mjumbe wa Kata* anaandika:

Kaka, mimi ni mwanamke na nimekuwa mjumbe kwa vipindi viwili, Temeke. Unayoyasema kuhusu akidi ni kweli tupu, lakini umesahau kitu kimoja, nacho ni saa. Mikutano yetu huitishwa saa kumi jioni, wakati ambao mama anapika na mfanyabiashara wa Tandika sokoni ndio anauza. Wanaobaki ni wanaume wasio na shughuli na wale waliolipwa wahudhurie. Tulipoomba mkutano uwe Jumapili saa nne asubuhi, idadi ya wanawake iliongezeka hadi tukawa zaidi ya nusu, na mwenyekiti aliyekuwa amezoea kupita bila kupingwa alipingwa kwa mara ya kwanza. Hatukubadili kifungu chochote, tulibadili saa. Jambo la pili ni taarifa: katiba inataka wanachama wajulishwe siku kadhaa kabla, ila tangazo hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ambao haufunguliwi.

*Mwenye uzi* anajibu:

Dada yangu, umenifundisha. Nilikuwa ninatafuta vifungu na wewe umenionyesha saa ya ukutani. Ninaongeza moja inayofanana na lako: daftari la wanachama. Kila tawi lina daftari, na anayelishika anajua nani ni hai na nani ada yake imelala. Siku ya uchaguzi daftari hilo hugeuka kuwa panga. Mimi sasa huwaomba wenzangu wadai kuliona miezi sita kabla, wakague majina yao, na wachukue stakabadhi ya ada, kwa sababu mwanachama asiye na stakabadhi hana cha kujitetea anapoambiwa asimame nje ya turubai. Ada yetu ya mwaka ni pungufu ya bei ya sahani ya wali maharage, na nimewaona wasomi wakikosa kura kwa kiasi hicho.

*Kijana wa Kimara* anaandika:

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, naona unatupeleka kwenye kazi ya miaka kumi. Chama kinaendeshwa kwa ruzuku ya Serikali na kwa wafadhili wenye fedha zao. Mwanachama wa tawi hana kitu anachoweza kuwanyima viongozi. Hata tukishinda tawi lote, watatusikiliza kwa nini?

*Mwenye uzi* anajibu:

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na sina jibu linaloimaliza. Ruzuku hugawanywa kwa kufuata wabunge na kura ambazo chama kimepata, hivyo chama kikubwa kinaweza kuishi bila ada ya mtu yeyote wa Kimara, na kiongozi asiyekula kwako hana sababu ya kukuogopa. Ndiyo sababu niliifuatilia kwa makini kampeni ya Tone Tone ambayo Chadema iliianzisha mwaka 2025 kuchangisha wanachama kidogo kidogo kwa simu. Sijui kama wote waliochanga walilitazama hivyo, lakini mchango wa elfu moja una haki ndani yake: aliyechanga anaweza kuuliza hesabu. Vyama hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, taarifa hutolewa kila mwaka, na katika mikutano yote ya kata niliyohudhuria sijawahi kumsikia mjumbe akisimama kwenye "mengineyo" na kuuliza kuhusu hoja ya ukaguzi ya chama chake. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hadi mwaka jana. Niliambiwa muda umekwisha. Mkutano uliofuata niliuliza mapema, kwenye "yatokanayo", na wajumbe watatu wakaniunga mkono, hivyo katibu akalazimika kuliandika swali kwenye muhtasari.

Kuhusu miaka kumi, umekosea kidogo kwa upande wa matumaini. Uchaguzi wa ndani wa vyama vingi hufuata mzunguko wa miaka mitano, kwa hiyo ukiikosa zamu moja unasubiri mingine. Nami zamu ya kwanza niliipoteza.

*Mkazi wa Tandika* anaandika:

Sasa mkuu, baada ya kushindwa kwa zile kura tano ulifanya nini? Mbona hukutumalizia?

*Mwenye uzi* anajibu:

Nilikwenda kwa yule mzee fundi viatu. Nilimpelekea kiatu kilichobanduka soli, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamuuliza alimpigia nani na kwa nini. Akanijibu bila kuinua macho kwenye sindano kwamba alimpigia aliyemkumbuka, kwa kuwa alikuwa na kadi miaka kumi na minne na siku ile ndiyo ya kwanza kuitwa mkutanoni. Mama ntilie aliniambia jambo lile lile kwa maneno makali zaidi, na akanidai pesa ya chai ya mwezi uliopita.

Mkutano wetu ujao wa tawi ni Jumapili saa nne asubuhi, muda ambao tulipendekeza na ukapita. Akidi ni arobaini. Nimezunguka mtaani jioni tatu mfululizo na daftari langu dogo, na waliothibitisha hadi sasa ni thelathini na sita, mzee fundi viatu akiwa wa kwanza kwenye orodha. Kesho nitapita kituo cha bodaboda.